Ni Nani Asokotaye Kamba?

Msafiri atokaye Segera kuelekea Korogwe hupita katikati ya mkonge. Mistari yake imenyooka kama mishororo ya utenzi, na kila shina limesimama peke yake na miiba yake. Mmea huu haukuwa wa Uzigua wala wa Usambaa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika pwani ya Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo yalizaliwa mashamba ambayo, katikati ya karne ya 20, yaliifanya Tanganyika iongoze dunia nzima kwa mkonge. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Kwa miongo mingi marobota ya nyuzi yalishuka kwa reli hiyo hadi bandarini, yakapakiwa melini, na sehemu kubwa ikasokotwa kamba huko ng'ambo. Aliyekata majani alipata ujira wa kukata. Aliyesokota alipata bei ya kamba. Na zilipokuja nyuzi za plastiki na bei ya mkonge ikaporomoka, mwenye elimu ya kusokota alihamia kwenye nyuzi mpya, na mwenye panga peke yake alibaki shambani akitazama majani.

Historia hiyo yafaa ikumbukwe kila linapotajwa neno fursa, neno ambalo siku hizi limo midomoni mwa kila mtu, kuanzia wanasiasa hadi wauza simu. Mkonge nao ulikuwa fursa. Watu walitoka mbali kuufuata: Wanyamwezi, Wamakonde, Wangoni na wengineo waliingia mashambani kuwa manamba, wakiwa na matumaini yao na ngoma zao. Lakini fursa hiyo ilimweka mtu upande mmoja tu wa kazi, upande wa malighafi, wala haikumwonyesha njia ya kufikia upande wa pili. Basi kuna swali la maadili ambalo halina budi kuulizwa: je, fursa hupimwa kwa upana wa mlango, au kwa mahali anapowekwa mtu akishaingia?

Swali hilo la zamani limepata mfano mpya katika sanaa ambayo huenda wapenzi wengi wa ushairi hawajaisikia, nayo ni utungaji wa muziki kwa kompyuta kwa njia ya michoro. Mtungaji wa njia hii haandiki amri mstari kwa mstari kama wafanyavyo mafundi wengine wa kompyuta. Hufungua ukurasa mtupu kwenye kioo, akapanga visanduku, kisha akaviunganisha kwa nyuzi. Kila kisanduku kina kazi yake: kimoja huhesabu mdundo, kingine huzaa sauti, kingine huikuza au kuififisha, na cha mwisho huipeleka kwenye spika. Habari huingia kisandukuni kwa juu na kutoka kwa chini, ikafuata uzi hadi kisanduku kinachofuata, mfano wa maji yafuatayo mfereji. Uzi ukikatwa, sauti hunyamaza. Ukiunganishwa kwingine, sauti hugeuka papo hapo, bila muziki kusimama. Mchoro huo ni ala na ni andiko kwa wakati mmoja, kana kwamba ubao wa mshairi ungeweza kughani shairi lililoandikwa juu yake.

Asili ya sanaa hii inajulikana. Mwaka 1957 Max Mathews, mhandisi wa Bell Labs nchini Marekani, aliandika programu iliyoitwa MUSIC, ikaifanya kompyuta ipige muziki wa sekunde chache. Katika miaka ya 1980 Miller Puckette, akiwa Paris kwenye taasisi ya IRCAM iliyoasisiwa na mtunzi Pierre Boulez, alibuni programu ya visanduku na nyuzi, ikapewa jina la Max kwa heshima ya Mathews. Max ikawa bidhaa ya kuuzwa. Baadaye iliangukia mikononi mwa kampuni ya Cycling '74, ambayo mwaka 2017 ilinunuliwa na Ableton ya Ujerumani. Puckette mwenyewe, baada ya kuhamia Chuo Kikuu cha California kilichoko San Diego, alitoa katikati ya miaka ya 1990 programu nyingine ya jinsi hiyo hiyo, Pure Data, akawaachia watu wote bure: waitumie, waifungue, waibadili, waigawe watakavyo.

Kandokando ya programu hizi mbili imekua jumuiya. Watu wake hutangaziana habari: warsha, mashindano, wito wa tungo mpya kwa ajili ya matamasha, nafasi za msanii kukaa ugenini miezi kadhaa akitunga. Wapenzi wa Pure Data wamekutana kimataifa mjini Graz mwaka 2004, Montréal mwaka 2007, São Paulo mwaka 2009, Weimar na Berlin mwaka 2011, na New York mwaka 2016. Ukarimu wa jumuiya hii haustahili kubezwa. Mtu aliyefanya kazi miaka na miaka, kisha akaitoa bure, amefanya jambo ambalo Hindorf na makampuni ya mkonge hawakulifanya. Hata hivyo, katika mikutano hiyo mitano hakuna hata mmoja uliofanyika katika bara la Afrika, na tangazo lisemalo kwamba wote wanakaribishwa halielezi ni nani atakayelisikia.

Hapa ndipo maana ya fursa inapohitaji kuchambuliwa. Fursa ina ngazi tatu: kusikia, kuelewa na kutenda. Asiyesikia hana fursa, hata kama mlango umeachwa wazi usiku na mchana. Asikiaye asielewe anayo kelele tu. Na aelewaye asipate kutenda, bali akatendewa, huyo amekuwa mkonge.

Na afikiriwe kijana wa Handeni, aliyemaliza darasa la saba, mwenye kompyuta kuukuu aliyoinunua kwa fedha za mahindi. Ngazi ya kwanza si rahisi kwake, lakini si muhali. Umeme ni kisa peke yake: mtambo wa Hale, uliomo wilayani Korogwe juu ya mto Pangani, umekuwa ukizalisha umeme tangu miaka ya 1960, ilhali vijiji vingi vya mkoa huo huo vilingoja hadi ulipokuja mpango wa umeme vijijini wa Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007. Waya ulipita juu ya vichwa vya watu kabla haujashuka kwenye nyumba zao. Lakini sasa simu imefika, na habari husafiri. Tangu mwaka 2010 imewezekana hata kuziendesha tungo za Pure Data ndani ya simu, kwa programu iitwayo libpd. Kijana huyo anaweza kusikia.

Ngazi ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu ugumu wake umefichwa na uzuri wa ahadi. Mchoro uliahidi kumpunguzia mtu mzigo wa maandishi. Mtu asiyejua lugha ya amri za kompyuta ataona, atagusa, atafuata uzi kwa macho. Ahadi hiyo ni ya kweli nusu tu, maana kila kisanduku kina jina, na jina ni la Kiingereza au kifupisho cha Kiingereza. Ujumbe mdogo kuliko wote katika Pure Data, ule unaokiamuru kisanduku kitende kazi yake sasa hivi, huitwa "bang", yaani mshindo. Kisanduku cha mdundo huitwa "metro", kwa kukata neno metronomu. Kile kipelekacho sauti kwenye spika huitwa "dac~", herufi tatu za mwanzo za maneno ya kihandisi. Maelezo ya msaada ni ya Kiingereza, na matangazo ya fursa aghalabu ni ya Kiingereza vile vile. Tanzania imewafundisha watoto wake wa shule za msingi kwa Kiswahili, na lugha ya masomo hubadilika waingiapo sekondari. Aliyeishia darasa la saba ameachwa ng'ambo ya mto, akiwaona wenzake ukingo wa pili na asiwasikie wasemalo.

Wako watakaosema kwamba hilo si kosa la mtu yeyote. Aliyetoa bure hadaiwi. Hakulazimishwa kutoa, sembuse kutoa kwa lugha ya kila mpokeaji. Hoja hii ni nzito na haina budi kukubaliwa. Mtoaji hana deni. Lakini kukosekana kwa mdaiwa mmoja hakuondoi deni, kunalihamisha. Linamwangukia yule asimamaye katikati, ajuaye lugha zote mbili, mwalimu, mfasiri, mhariri, mtangazaji, na taasisi zinazolipwa kwa kazi ya kueneza sanaa. Akaaye kivukoni mwenye mtumbwi hawezi kusema kwamba mto haukuchimbwa na yeye.

Mtumbwi wenyewe si ndoto. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisini ambao menyu zake zilisema Kiswahili. Wako waliocheka maneno yake. Mabishano ya tarakilishi na kompyuta, ya kipanya na puku, yaliwachangamsha watu kuliko programu yenyewe. Lakini jambo moja lilithibitika: Kiswahili kinaweza kubeba mashine, na aliyejaribu hakuomba ruhusa ya mtu.

Tena wasomaji wa pwani hawana haja ya kuambiwa kwamba chombo cha kigeni kinaweza kufanywa cha nyumbani. Herufi za Kiarabu zilikuja na bahari. Hazikuwa na alama ya p wala ya ch wala ya ng'. Waandishi wa Pate, Lamu na Mombasa hawakungoja mtu wa Hijazi awatengenezee. Walizikunja, wakaziongeza nukta, wakazilazimisha ziseme. Utendi wa Tambuka, ambao tarehe yake ni mwaka 1728, ulibebwa na herufi hizo. Katika karne ya 19 Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliunakili ushairi wa Muyaka kwa herufi hizo hizo, na lau asingefanya hivyo sehemu kubwa ingepotea. Hakuna leo anayeuita ushairi huo wa kigeni kwa sababu ya umbo la herufi zake.

Pure Data nayo inaukubali mkunjo wa namna hiyo, na kwa urahisi wa ajabu. Mtu akichora mchoro wa kuhesabu mapigo, akauhifadhi kwa jina "mdundo", siku ya pili anaweza kuandika neno mdundo ndani ya kisanduku kitupu, na mchoro wote utaitika jina hilo. Vivyo hivyo anaweza kutengeneza "kinywa" kwa ajili ya spika, na "gonga" kwa ajili ya ule ujumbe wa mshindo. Akiendelea hivyo, kidogo kidogo anajenga kamusi nzima inayopiga muziki. Kazi hiyo haihitaji serikali. Inamhitaji mtu anayejua maneno na mtu anayejua ngoma waketi pamoja wiki kadhaa, na hapana shaka watagombana kuhusu maneno, kama ilivyo ada.

Kuna pingamizi jingine, nalo husemwa kwa sauti ya ukali zaidi. Handeni inahitaji maji, si visanduku vya muziki. Kila mwenye kuijua wilaya hiyo anajua miaka ya ukame, na anajua lile bomba kuu lililojengwa kuchota maji ya mto Pangani upande wa Korogwe na kuyapandisha hadi Handeni. Ni aibu kuzungumzia sauti mbele ya mama aliyeamka usiku kutafuta ndoo moja. Asemaye hivyo hakukosea kuhusu maji. Amekosea kudhani kwamba mwenye kiu hana haki ya kitu kingine hadi kiu iishe. Watu wa Handeni hawakuacha kupiga ngoma katika miaka ya njaa. Pengine hiyo ndiyo miaka waliyoihitaji zaidi. Masikini anayeambiwa angoje hadi ashibe ndipo atunge, ameambiwa kwamba utu wake utafunguliwa baadaye, kwa awamu.

Nchi za Uzigua zinayo hoja yenye nguvu kuliko hiyo, na ni hoja ya historia. Katika karne ya 19, nyakati za njaa na biashara ya watumwa, Wazigua wengi walichukuliwa kupitia bandari za pwani hadi Somalia, wakakaa kwenye bonde la mto Juba. Kizazi kilifuata kizazi. Vita vya Somalia vilipofumuka mwaka 1991, wajukuu wa wajukuu wao walikimbia, na baadhi wakafika Handeni. Walipofungua vinywa, wenyeji waliwaelewa, maana walikuwa wakisema Kizigua. Mwaka 2003 makazi ya Chogo yalifunguliwa wilayani Handeni kwa ajili yao, na katika miaka iliyofuata wengi wao walipewa uraia wa Tanzania. Watu hao hawakuja na hati za mashamba wala vyeti vya kuzaliwa vya babu zao. Ushahidi wao ulikuwa sauti. Anayedhani kwamba sauti ni anasa, na aende Chogo.

Na kwa kuwa sauti inaweza kuwa hati pekee waliyo nayo watu, ngazi ya tatu inakuwa ndiyo nzito kuliko zote. Muziki wa visanduku hupenda kula sauti zilizorekodiwa. Pigo moja la ngoma hukatwa, hunyooshwa, husagwa kama unga, hurudiwa mara elfu. Mwaka 1944, jijini Cairo, Halim El-Dabh alirekodi kwa mashine ya waya sherehe ya zaar, ambayo ni jamaa ya ngoma za pepo zijulikanazo pwani, kisha akaigeuza studioni hadi ikawa utungo mpya. Hiyo ilikuwa miaka minne kabla ya Pierre Schaeffer wa Ufaransa kuutangaza muziki wake wa namna hiyo mwaka 1948. Ni fahari kwa Afrika kwamba mwanawe alitangulia. Lakini dunia inamtaja El-Dabh. Walioimba katika sherehe ile hawatajwi. Basi kosa la kumgeuza mtu malighafi halina rangi wala pasipoti. Kijana wa Handeni anayelalamika kwamba ng'ambo wanamchukulia kama mkonge anaweza, jioni hiyo hiyo, kumfanya babu yake mkonge.

Na yakadiriwe mazungumzo yao. Kijana amemwendea mpiga ngoma wa selo, ngoma ya Wazigua, akiwa na kompyuta yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hicho ulichokileta kinapiga nini?"

Kijana amechora visanduku viwili vya mdundo. Kimoja amekipa milisekunde 600, cha pili 400. Ndani ya milisekunde 1,200 cha kwanza kitalia mara mbili na cha pili mara tatu, na mbili juu ya tatu ndiyo mifupa ya ngoma nyingi za nchi hizi. Mzee anasikiliza, kichwa kimeinama.

"Hesabu yako haina kosa," anasema. "Ila hapa hapana mtu. Ngoma hii inamngoja nani?"

"Haimngoji yeyote, babu. Inakwenda yenyewe."

"Ndiyo maana. Mimi humngoja yule anayecheza. Akichelewa kushusha mguu, namchelewesha mkono."

"Unachelewa kiasi gani, nikiandike?"

"Hilo huliandiki kwa kuniuliza. Keti, upige mpaka ulijue, ndipo ukaliandike."

Katika maneno hayo machache limo jawabu la ngazi ya tatu. Kama kijana angetaka pigo tu, angelirekodi na kuondoka. Simu yoyote ingetosha. Mzee anamtaka akae. Kukaa huko ndiko kunakogeuza chombo. Atakaporudi kwenye visanduku vyake ataunda kimoja kinachomsikiliza mchezaji kupitia kipaza sauti kabla ya kupiga, na Pure Data ina uwezo huo. Kisanduku hicho hakitakuwa kimekuja kutoka Paris wala San Diego. Kitakuwa fikra ya Handeni iliyoandikwa kwa nyuzi, na kitastahili kubeba jina la aliyeifundisha.

Sheria inagusa jambo hili kwa mbali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi. Ni vyema iwepo. Lakini sheria huuliza nani alipwe baada ya kitu kuchukuliwa. Maadili huuliza kitu kilichukuliwaje, na kama aliyekitoa alijua kinakokwenda. Malipo bila jina ni ujira wa kukata majani.

Pengine itadhaniwa kwamba haya ni matarajio makubwa mno kwa watu wadogo. Mifano yasema vingine. Siti binti Saad, aliyezaliwa katika familia masikini ya Fumba, alivuka bahari mwaka 1928 hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Mashine ilikuwa ya wageni, kampuni ilikuwa ya wageni, na mkataba haukuandikwa na yeye. Lakini aliimba Kiswahili, na mashine ikalazimika kusema Kiswahili. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, aliona kwamba maisha hayo yanastahili kitabu, akaandika wasifu wake. Katika zama hizi vijana wa Dar es Salaam wameunda singeli kwa kompyuta dhaifu na programu walizojifunza wenyewe. Mwaka 2017 mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Uganda, uliwafikisha kwenye majukwaa ya Ulaya. Hawakungoja tangazo la fursa. Walitenda kwanza, fursa ikaja ikiwatafuta. Hata hivyo, hata kwao swali la kamba lingali pale pale: nani anashika kandarasi, nani anaandika maelezo ya jalada, na kwa lugha gani.

Basi haki katika jambo hili imegawanyika kwa watu kadhaa, na kila mmoja ana sehemu yake. Ajuaye lugha anadaiwa tafsiri, asingoje aombwe. Atangazaye fursa anadaiwa kujiuliza kama anamwita mtungaji au anaita sauti ya kupambia utungo wa mtu mwingine. Kijana anadaiwa kukaa kwanza, na kumtaja mwalimu wake kila atakaposimama jukwaani, Tanga au Berlin. Mzee naye anadaiwa asiifiche elimu kwa hofu kwamba itaibiwa, maana elimu iliyofichwa huzikwa pamoja na mwenyewe, na hapo hata mwizi hapati kitu.

Kuhusu mkonge, kuna jambo moja la mwisho. Katika jani lake, nyuzi ni takriban asilimia 4 tu. Kwa zaidi ya karne moja kilichosafirishwa kilikuwa hizo 4, na hizo 96 zilitupwa zikaoza kando ya mitambo. Mwishoni mwa miaka ya 2000, huko Hale, wilayani Korogwe, ulijengwa mtambo wa kugeuza mabaki hayo kuwa gesi, na gesi kuwa umeme. Mabaki yalikuwepo siku zote. Aliyekosekana ni mtu wa kuyauliza yana kazi gani.

Ngoma iliyorekodiwa ikapelekwa mbali ni kama zile asilimia 4. Ni nyuzi nzuri, na si vibaya zikisafiri. Lakini kule kungoja mguu wa mchezaji, na jina la aliyefundisha kungoja huko, havimo kwenye robota. Vimebaki Handeni, kwa wazee ambao idadi yao inapungua kila msimu, na kompyuta ya kijana iko hapo kando yao, imewashwa, na ukurasa wake ungali mtupu.